Korongo wa Shaba kutoka Mto Rwizi

Mtazame Nestor akipanda kilima cha Nyamitanga asubuhi hii: suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi, na mkono wa pili haubanduki mfukoni mwa shati. Usidhani moyo unamuuma. Mfukoni mna kitu cha shaba kipana kama kifuniko cha chupa, nacho kimemnyima raha wiki nzima.

Huyu ni mzamiaji. Alizaliwa Fizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, vita vikamleta kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kiangazi mto Rwizi ukipungua, hushuka mjini Mbarara kupapasa matope kwa vidole vya miguu: sufuria, simu, minyororo ya baiskeli. Safari hii kidole kiligusa ndege. Korongo mwenye kishungi, mguu mmoja juu.

Nyumbani Kashojwa, kule kambini, jirani yake Régis aliapa kuwa ni medali ya kanisa. Apolline, mke wa Nestor, akang'aka: "Tupa! Mukimbizi na kitu ya basoda? Batasema uko mwasi." Nestor hakutupa. Alitaka kujua ni ya askari yupi.

Akaelekezwa kwa Yayeri, mkazi wa kilima hiki cha Nyamitanga. Mama huyu aliolewa na askari wa Mbarara, akasugua beji zake kila Jumapili, hadi vita vya mwaka wa sabini na tisa. Mume aliondoka na wenzake, hakurudi. Tangu hapo kila mwaka Yayeri humwandikisha katika misa ya walio safarini. Ile ya marehemu hajathubutu.

Sasa Yayeri anausogeza mkono wa Nestor wenye beji hadi puani pake.

"Hii ya kofia. Ya kola ni ndogo."

"Mama, unajua kupita basoda!"

"Masoja walivaa, mimi nilisugua. Geuza, ssebo. Wangu alichora msalaba huko nyuma na msumari, wasimwibie."

Nestor hageuzi. Wazamiaji wa kwao wana desturi: shaba ikitoka majini hupigwa mchanga na majivu hadi ing'ae, mbele na nyuma, maana mnunuzi hataki kutu. Naye aliifanyia hivyo siku ileile.

"Mama… niliisugua. Mingi."

"Wewe Mkongo! Munasugua hata kaburi?"

Anacheka, anaigeuza beji mwenyewe, kisha kicheko kinamkatikia. Nyuma, chini ya pini, umebaki mstari mmoja wima, mfupi kama punje ya mchele.

"Pengine ni mguu ya ule musalaba," Nestor ananong'ona.

"Pengine ni mchanga wako."

"Hapana, mama. Muchanga unakwaruza fasi yote. Hauwezi kunyoosha mustari moja hivi."

Yayeri anaupitisha ukucha juu ya ule mstari, juu, chini, juu tena. Kesho adhuhuri katekista wa kanisa atafunga daftari la majina ya misa, lenye ukurasa wa walio safarini na ukurasa wa marehemu.

Nawe unayenisikiliza, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungefungua ukurasa upi?