Andiko la Kuomba Mafuta

Ofisi yetu ya Mbeya ilisajili na kukagua makandarasi wa Nyanda za Juu Kusini nzima, na ilikuwa na gari moja tu. Mwaka ule gari hilo lilikaa juu ya mawe nyuma ya ofisi, halina tairi mbili, kuku wa mlinzi wanataga chini ya usukani. Serikali ilikuwa imetukatia ruzuku. Mishahara ilikuja, ila fungu la ukaguzi halikuja. Makandarasi walijua. Wengine walipita getini makusudi kuangalia kama gari limeshuka.

Mimi nilikuwa mkaguzi. Zikatufikia habari kwamba Kilolo kuna mtu anajenga bweni la wasichana, la ghorofa, wakati usajili wake haumruhusu kujenga ghorofa. Nikapanda basi la Iringa, nikashuka Ipogolo, nikachukua bodaboda. Nilifika nina tope mpaka magotini.

Mkandarasi alikuwa mtu mzima, amevaa shati jeupe, kaegemea pikapu yake. Nikajitambulisha, nikamwomba hati ya usajili. Akaniangalia miguu.

"Umekuja na nini?"

"Na bodaboda."

Akawageukia mafundi. "Jamani, serikali imefika na bodaboda! Mpeni maji anawe."

Wakacheka wote, mpaka kina mama waliokuwa wamejitwika ndoo za kokoto. Nikamwandikia barua ya kusimamisha kazi. Akaikunja mara nne, akaisukumia chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

"Utarudi lini kuangalia kama nimesimama?"

Nikarudisha kalamu mkobani.

Mvua ilipoanza, yule wa bodaboda alikuwa ameshaondoka. Mkandarasi akasema anashuka Ipogolo, atanipa lifti. Nilipofungua mlango wa mbele, mbwa wake alikuwa amekaa kitini. "Huyo hapendi kusumbuliwa," akasema. "Panda nyuma." Nikapanda nyuma, nikakaa juu ya saruji iliyomwagika. Mvua ikailowesha, ikapenya kwenye sketi, ikaniunguza mapaja njia nzima. Wiki mbili nilijipaka dawa. Mama aliponiuliza, nilimwambia nimemwagikiwa na chai.

Bweni likaisha, wasichana wakahamia. Mimi nilikuwa Mbeya, nasikia kuku wanalia ndani ya gari.

Muda wa bajeti ulipofika, bosi wangu, mzee mpole aliyekaribia kustaafu, aliniita. "Mwaka huu andiko la kuomba fedha liandike wewe. Dodoma wameshanichoka."

Niliandika kwa siku kumi. Jina la yule mtu sikuliweka, lakini kila sentensi niliandika nikimwona amesimama na shati lake jeupe. Niliandika habari za barua za kusimamisha kazi ambazo hakuna mtu wa kurudi kuzifuatilia. Niliandika kwamba kuna watoto wanalala chini ya zege ambalo hakuna aliyelipima. Yote yalikuwa kweli. Ila siwezi kudanganya kwamba watoto ndio walioninyima usingizi. Nilitaka mafuta ili nimfuate.

Bosi alisoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Humu kuna mtu."

"Hamna mtu, bosi."

"Haya," akasema, akasaini.

Fedha zilikuja. Gari likapata tairi na dizeli, kuku wakahamishwa. Bosi akaniambia nipange ratiba ya ukaguzi. Nikauliza huku na kule mpaka nikajua yule mtu yuko wapi. Alikuwa Chunya, anajenga ghala la tumbaku. Nikaandika Chunya safari ya kwanza.

Nilimkuta hana kibao cha mradi, na usajili wake ulikuwa umekwisha muda. Nikamwambia dereva alete rangi nyekundu. Nikachora alama ya X ukutani kwa mkono wangu, kubwa, mafundi wote wakiona. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Dada, tuongee basi," akasema. Alikuwa hanikumbuki.

"Kilolo," nikamwambia. "Siku ya mvua."

Akafikiri, kisha uso ukamchangamka. "Aa, ni wewe! Si nilikusaidia siku ile? Si nilikupa lifti?"

Niliikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi. Nilijaza kila kosa lililokuwepo, hata lile ambalo kwa mtu mwingine ningelimalizia kwa onyo la mdomo.

Kilolo nilikwenda wiki iliyofuata, pamoja na bosi. Tukapanda bwenini. Juu ya vitanda vya wasichana, boriti ilikuwa na ufa unaoingia vidole viwili. Tukawatoa wote jioni ile ile, na magodoro yao, wakalale madarasani. Bosi alisimama chini ya ule ufa, akaniuliza taratibu, "Kwa nini hukuanza huku?"

Nikamwambia ratiba ilibana. Hakuniuliza tena. Swali lake ninalo mpaka leo.

Yule mtu alifutwa kwenye orodha ya makandarasi, na gharama ya kubomoa na kujenga upya ile ghorofa ikawa juu yake. Alipokuja kuomba kusajiliwa tena, nilimwacha kwenye benchi tangu asubuhi mpaka watu walipokwenda kula, na faili lake lilikuwa mezani kwangu, wazi. Nilikunywa chai mbele ya dirisha analoliona.

Baadaye alirudishiwa daraja la chini. Siku hizi hujenga vyoo na uzio, na kibao hakikosi. Tukikutana sokoni Mwanjelwa husimama, huvua kofia. Ananizidi miaka si chini ya kumi na tano.

"Shikamoo, mama," ananiambia.

"Marahaba," najibu, na wala sigeuzi macho.