Magari Mawili na Jicho la Mama

Yalifanana mno, na hilo ndilo lililonitesa. Moja lilikuwa la kijivu, jingine jeupe. Yote mawili ya umeme, yote ya familia, yameinuka kutoka chini kiasi cha kuvuka mawe ya barabara ya Vunta, inayopanda mlima kutoka Hedaru hadi Myamba, bila kugonga tumbo. Viti sawa, skrini sawa, sehemu ya nyuma ya kubebea ndizi na tangawizi sawa. Bei zilipishana kidogo sana, hata mimi Mpare wa Myamba niliona haya kuigombania tofauti ile. Mume wangu ni Mchaga, kwa hiyo alikuwa mtani wangu kabla hajawa mume wangu. Aliniambia nifumbe macho niguse moja, maana nikiendelea kufikiri hivyo yatatoka matoleo mapya.

Sikufumba macho. Nimefundisha fizikia sekondari hapa Same miaka ishirini na sita, na sijawahi kumruhusu mwanafunzi abahatishe jibu. Isitoshe, mwaka ule habari za macho hazikuwa za mzaha nyumbani kwetu.

Mama yangu ana presha ya macho. Jicho la kulia lilikufa kimyakimya huko Myamba, bila maumivu, yeye akidhani ni uzee tu, na sisi watoto wake tukidhani hivyohivyo kwa kuwa ilikuwa rahisi kudhani. La kushoto ndilo lililobaki. Daktari wa Moshi alinieleza bila kuzunguka: mama akiletwa kliniki kila baada ya miezi mitatu, wakampima, wakambadilishia dawa inapobidi, jicho lile litaishi naye. Asipoletwa, litakwenda kama mwenzake. Na alikuwa ameshakosa kliniki mara mbili. Nilimkasirikia sana, na hasira ile, nikiitazama sasa, ilikuwa ni woga.

Hakukosa kwa ukaidi. Mama hawezi gari. Tangu nipate akili, akipanda gari lolote kushuka Hedaru, kona ya tatu haijafika ameshaanza kutapika, na akifika chini hajiwezi siku mbili. Zamani alibeba mfuko wa plastiki. Mifuko ilipopigwa marufuku akahamia kwenye kopo la siagi lenye kifuniko, na kopo hilo sote tunalijua, linakaa juu ya kabati karibu na Biblia yake. Yeye mwenyewe alisema kinachomuua ni harufu ya mafuta, nasi tukaamini. Basi gari la umeme liliponijia akilini niliona nimepata dawa. Halina mafuta, halina moshi, mama atakaa ndani yake kama yuko sebuleni. Nikamwita fundi umeme avute waya mnene hadi barazani kwa ajili ya kuchaji, hata kabla sijajua ni gari gani.

Muuzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye yadi yake Moshi, mpole, asiyependa maneno mengi.

"Mwalimu, haya magari ni pacha," aliniambia. "Yanatofautiana rangi tu, na vitu vidogovidogo vya kwenye skrini."

"Hivyo vidogovidogo ndivyo ninavyovitaka," nikamjibu. "Na silijaribu gari kwenye lami ya Moshi. Nitalijaribu Hedaru kwenda Myamba na kurudi, mama yangu akiwa ndani."

Aliona sitanii. Jumamosi ya kwanza akaja na la kijivu.

Kupanda kulikwenda vizuri. Gari lilivuta bila kelele, tukawa tunasikia kuku wa watu na maji kwenye mifereji. Mama alitungoja mlangoni amevaa kama anakwenda ibadani, kopo mkononi. Tulikuwa tumekubaliana ni safari ya kujaribu tu, hadi sokoni Hedaru na kurudi. Akaingia kiti cha nyuma upande wa kushoto, akanusa, akanusa tena.

"Kweli halinuki," akasema. Mimi nikaona kazi imekwisha.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni Mpare tu angelifanya. Magari haya, ukiondoa mguu kwenye pedali ya mwendo, hujishika yenyewe na kurudisha umeme kwenye betri. Nami nimekulia kwenye ndiva, lile bwawa letu la udongo ambalo hujazwa maji ya mfereji usiku, asubuhi likafunguliwa kwa zamu, kila mtu na shamba lake. Mtu aliyelelewa na ndiva akiona maji yanapita bure halali usingizi. Sasa nipewe mteremko mzima wa Vunta, umeme unamwagika kila kona, halafu niuache? Nikaingia kwenye skrini nikaweka kiwango cha juu kabisa cha kurudisha. Kila kona nikawa naachia mguu, gari linajikaza, namba ya betri inapanda, nakanyaga tena, naachia tena. Nilikuwa naitangaza kila namba kwa sauti.

"Mpare bwana," mume wangu akasema pembeni yangu. "Hata mteremko anataka umlipe."

Nikacheka. Sikutazama nyuma hata mara moja, hadi niliposikia kifuniko cha kopo.

Alitapika kuliko siku zote. Tulisimama, muuzaji aliyekuwa ameketi karibu naye akamshika mkono, akammwagia maji ya chupa viganjani kwa heshima ambayo sijaisahau. Mama akakaa juu ya jiwe, amejitanda kanga. Yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Mwanangu, kumbe si mafuta. Ni mimi."

"Mama, hili ni la kujaribu tu. Liko jingine."

"Nirudishe nyumbani. Na siku ya kliniki usije kunichukua. Jicho moja limenifikisha hapa. Likienda nalo, njia ya jikoni kwangu naijua kwa kupapasa."

Kliniki ilikuwa Jumatatu, wiki mbili na siku mbili mbele. Tulimrudisha tukipanda polepole.

Kesho yake asubuhi mume wangu alinianza. Alisema mama ni mtu mzima, amekataa, na pengine heshima ni kumwacha. Nilimwambia mama hajakataa kuona. Amekataa kutapika. Hivyo ni vitu viwili, na mimi nitavitenganisha hata kama itanibidi nimshushe mlimani mgongoni.

Nilipanda Myamba Jumapili ileile, kwa bodaboda kutoka Hedaru, ili asiniambie nimekuja na gari. Nilimkuta ametoka kanisani, anachagua maharage kwenye ungo, ameuinua ungo karibu na jicho la kushoto, anatafuta mawe kwa vidole zaidi kuliko kwa kuona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunibembeleza."

"Nimekuja kukuomba msamaha kwanza."

Nikamweleza jinsi gari linavyorudisha umeme na jinsi nilivyokuwa nikiuchuma kila kona. Nilidhani atakasirika. Akaweka ungo chini akacheka, kicheko cha zamani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu jicho la kwanza lilipokwenda.

"Baba yako angekufukuza kwenye ndiva," akasema. Marehemu baba alikuwa ndiye mfunguaji, mtu wa kugawa zamu za maji. "Yeye kizibo alikuwa akikisogeza kidogo, anangoja, anakisogeza tena. Wenye pupa walikuwa wakikichomoa kwa nguvu, maji yanabeba mfereji pamoja na mahindi ya mtu. Wewe ulikuwa unafunga na kufungua, unafunga na kufungua, na mimi nimo ndani. Kila kona nasukumwa mbele, navutwa nyuma."

"Sikuhisi kitu, mama."

"Utahisi vipi nawe ndiye umeshika? Kaa nilipokaa mimi. Ndipo uje tuongee."

Nilishuka na maneno hayo. Tangu nijifunze kuendesha, sijawahi kuketi kiti cha nyuma kwenye mteremko ule. Nilikuwa nimejaza daftari zima na vipimo vya magari mawili, umbali, uzito, ukubwa wa betri, na sikuwa nimeandika hata mstari mmoja kutoka kwenye kiti atakachokalia yule ninayemnunulia. Kama ni mwanafunzi wangu ndiye aliyeniletea kazi ile, ningemrudishia.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba muuzaji alete yote mawili hadi Vunta. Alipoona nafungua mlango wa nyuma wa la kijivu, kushoto, na kujitanda kanga hadi machoni, aliuliza kama naumwa. Nikamwambia bado, ndiyo nakwenda kuumwa sasa hivi. Mume wangu akaendesha. Tulianza na kiwango cha juu, na kona ya nne mate yakaanza kunijaa mdomoni. Nikamwambia apunguze hadi chini kabisa. Lile la kijivu hata likiwekwa chini kabisa bado linajikaza kidogo kila unapoachia mguu, halina namna ya kuliambia liache. Tulipofika Hedaru nilishuka nikashika ukuta wa duka la mtu, jasho jembamba linanitoka, na mwenye duka akaniletea kiti bila kuulizwa.

Tukarudi juu, nikapumzika, nikaingia jeupe. Humo ndani ya skrini, ndani kabisa, kulikuwa na sehemu ya kulizuia lisirudishe chochote unapoachia mguu. Hicho ndicho kitu kidogo alichokisema muuzaji. Ukilizuia linakwenda lenyewe, na breki unaikanyaga wewe, taratibu, kadiri unavyotaka. Nilishuka Vunta nzima nimefumba macho chini ya kanga, muuzaji akitufuata na la kijivu. Pale Hedaru nikanunua chapati tatu, moja nikampa mume wangu, mbili nikazila nimesimama.

Mume wangu alitazama skrini ya jeupe, akatazama ya kijivu.

"Hili la kijivu linakwenda mbali zaidi kidogo," akasema. "Na linakurudishia. Jeupe limeteremka mlima mzima halijakupa kitu cha maana."

"Nimeona."

"Unaliacha linalorudisha?"

"Naliacha."

"Wewe? Mpare?"

"Mimi. Niandikie jeupe," nikamwambia muuzaji, na daftari langu la vipimo nikampa mume wangu afungie chapati yake.

Mama hakuniambia atakuja wala hatakuja. Nililala kwake Jumapili ya kuamkia kliniki, na Jumatatu alfajiri nikamkuta amekwishavaa, kopo la siagi mkononi. Akaingia kiti kilekile. Akaliweka kopo mapajani, kidole gumba juu ya kifuniko. Nikamwambia leo sichumi kitu. Akaitika kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, neno moja tu, kwamba amesikia.

Niliendesha kama baba alivyofungua ndiva. Nasogeza, nangoja. Breki naigusa mapema kabla ya kona, na kuiachia mapema baada ya kona. Jua lilikuwa linatoka nyuma yetu. Kona ya tatu ikapita, ya tano ikapita. Nilikuwa nimemgeuzia kioo kidogo cha ndani ili nimwone, na nilichokiona ni kanga na kidole gumba tu. Tulipita pale kwenye jiwe alilokalia siku ile.

"Simama," akasema.

Nikasimama pembeni, nikafungua mlango, nikachukua chupa ya maji nikamzungukia mbio. Kifuniko kilikuwa hakijafunguliwa. Alikuwa ameshusha kioo cha dirisha, ameugeuza uso wote ili jicho la kushoto liangalie nje, huko chini.

"Kile kinachong'aa kule ni nini?"

"Ni mabati ya Hedaru, mama."

"Na ule mstari?"

"Reli. Na huo mwingine ni lami, hayo yanayokwenda ni malori."

"Na kile cha kijani kilichopangwa?"

"Mkonge."

Nami nikabaki nimesimama na chupa yangu.

"Nilipandishwa njia hii nikiwa bibi harusi," akasema. "Nimeshuka sijui mara ngapi. Sijawahi kuyaona haya. Kila safari nilikuwa naangalia ndani ya mfuko."

Nililia, na sikujificha. Mama aliniacha nilie kidogo, kisha akanipa kopo nikaliweke nyuma kwenye mizigo, akaniambia twende tusichelewe kwa daktari, maana anataka kurudi kwa njia hiihii kungali na mwanga.