Manjano ya Mama Ouko

Molly Adongo alitua mzigo wake mlangoni, akageuka kuutazama mmea wake kando ya ukuta wa jikoni. Majani mapana yaliyokuwa yakimfika kiunoni yalikuwa yamekatwa yote kimo kimoja, sawasawa kama meza. Ua halikuwepo.

Watu wa Boito walimjua Molly kama karani wa kituo cha kupimia majani chai. Hakupandisha sauti hata wachumaji walipogombana mbele ya mizani. Kitu pekee alichoweza kukizungumzia mpaka chai ikapoa kikombeni kilikuwa manjano yake. Mama yake, akiwa hoi kitandani huko Siaya, ndiye aliyempa mzizi, mnene, wenye vidole kama tangawizi. "Kapande huko kwenye baridi yenu," alimwambia. "Ukijikata na jembe, utaponda upake. Usipojikata, utatazama ua." Mwaka huo huo akafariki.

Lakini manjano hupenda joto, na Boito haina la kugawa. Molly aliyapanda pale ambapo moto wa kuni hupasha ukuta, akayapa samadi iliyooza, akayafunika nyasi mvua ya mawe ilipotishia. Kila kiangazi majani yalikauka kabisa, naye akangoja bila kuchokora. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, ua likachomoza katikati ya majani, jeupe lenye wekundu kidogo nchani. Molly akaapa kwamba siku ya kusakafia kaburi la mama kwa saruji huko Siaya, ua hilo litakuwepo. Ila kwanza alikuwa na mazishi ya shangazi Kisumu, akamwachia mmea jirani yake Chepchirchir, mama wa Cheptoo.

"Mama Cheptoo!" Sauti yake mwenyewe ilimshtua.

Chepchirchir, ambaye hakuna mchumaji aliyemshinda Boito nzima, alikuja akijipangusa mikono, uso umejaa furaha. "Umerudi, Mama Ouko! Umeona kazi? Si uliniambia nitunze kama chai yangu? Kila asubuhi nilikuwa napitia hapa nachuma. Ulikuwa umekimbilia juu kama mlingoti!"

"Na ua?"

"Hilo nilitoa kwanza, kabla watu waone!" Akashusha sauti, kama anayemfichia mwenzake aibu. "Chai ikitoa maua, si watasema mwenyewe amelala?"

"Uliweka wapi?"

"Nilipea ng'ombe."

Molly akaketi chini palepale, na nguo zake za mazishi. Kama chai yako. Ni kweli, alisema hivyo, kwa kinywa chake, akidhani hakuna agizo bora kuliko hilo.

"Lilikuwa la mama," akasema mwishowe. "La kaburini."

"Woi!" Chepchirchir akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akachuchumaa kando yake.

Kisha Molly akaingiza vidole kwenye udongo. Akapapasa, akasita, akavunja kidole kimoja cha mzizi. Kilikuwa kigumu, kizima, ndani rangi ya kiini cha yai, na harufu yake ilikuwa ile ya viganja vya mama. Machozi yakamtoka.

"Hiki nitampandia kaburini," akasema, akikifunga kwenye kitambaa. "Kwao kuna joto. Kitatoa ua chenyewe."

Chepchirchir akafukia shimo taratibu, akapapasa udongo kama anayebembeleza mtoto. "Na huu uliobaki? Ukienda, nikutunzie tena?"

Molly akainuka, akajikung'uta udongo.

"Umwagilie maji, Mama Cheptoo. Halafu uweke mikono mfukoni."