Familia Iliyojua Kuganda

Jina la Bi Laini alilipata kazini, na hakulikataa. Enzi za simu za waya alikaa mbele ya swichibodi, vidude vya kusikilizia vimembana masikio, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, akiwaunganisha watu ambao sura zao hakuzijua. Akisikia mwanamume anamfokea mkewe, alichomoa waya polepole, kisha akarudi na sauti ya asali: "Samahani sana, laini imekatika. Jaribu tena baadaye." Msimamizi wake hakuwahi kumkamata. Alistaafu akiwa na sifa ya kuwa mpole kuliko wafanyakazi wote, na waliomjua walicheka mpaka wakashika mbavu.

Alikuwa na binti mmoja tu, na kila mtu alisema binti huyo hakurithi hata chembe ya utundu wa mama yake. Alikuwa sajenti jeshini, mtu wa kupanga viatu kwa mstari na vijiko kwa ukubwa. Jeshi lilipomteua kwenda ng'ambo kulinda amani kwa mwaka mzima, alimwita mama yake aje akae na mumewe na mtoto. Siku ya kuondoka alitoa maagizo akiwa amesimama mlangoni na begi mgongoni.

"Mama, kazi yako hapa ni kupumzika. Kwa mgongo huo usiinue hata sufuria. Mume wangu, nyumba ni nyumba na karakana ni karakana. Sitaki kusikia msumari sebuleni. Na wewe, mwanangu, tunza nywele zako. Nikirudi nizikute zimefika mabegani."

Wote watatu waliitikia kwa adabu, na kwa muda mfupi walitii.

Mumewe alikuwa fundi wa makochi, mrefu na mnyamavu, na hapo mtaani hakuitwa kitu kingine zaidi ya Fundi. Alimheshimu mama mkwe wake kupita kiasi. Wiki za mwanzo alikuwa akikohoa mlangoni kabla ya kuingia jikoni kwake mwenyewe. Mtoto wao, msichana wa darasa la pili, walimwita Kasuku, kwa sababu neno likisemwa chumbani asubuhi, mchana lilikuwa limeshafika dukani.

Mambo yalianza kuharibika siku upepo ulipong'oa mabati ya karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba. Mvua ikanyesha juu ya makochi ya wateja. Fundi alikuja kusimama mbele ya mama mkwe wake, ameloa chapachapa, akashindwa kuanza.

"Sema, mwanangu," Bi Laini alimwambia.

"Mama, nilikuwa nafikiri, labda sebuleni. Siku mbili tatu tu, mpaka nipate mtu wa kuezeka."

Bi Laini aliinuka. Alishika meza ya sebuleni, akaisukuma mwenyewe mpaka ukutani.

Siku mbili tatu zikazaa miezi. Sebule ikajaa mifupa ya makochi, marobota ya sponji, springi zilizorukaruka mtu akizikanyaga, na kopo la gundi ambalo harufu yake iliingia hadi kwenye mito ya kulalia. Bi Laini alianza kwa kushika ncha ya futi kamba, kumsaidia mkwe tu. Kisha akashona pindo moja. Kisha akakabidhiwa kazi ya vifungo vya migongo ya makochi, na alivikaza vizuri hata wateja wakaanza kuuliza, "Yule mama wa vifungo yupo?" Mgongo, alisema, unamuuma akikaa bure. Fundi aliacha kukohoa mlangoni. Siku hizo walibishana kuhusu rangi za vitambaa kama watu waliosoma darasa moja.

Kasuku naye hakukaa nyuma. Aliuchukua mkasi wa baba yake wa kukatia vitambaa ili aone kama kweli ni mkali. Ulikuwa mkali. Nywele za upande mmoja zilianguka juu ya sponji, na Bi Laini, baada ya kumtazama kwa makini, akazimaliza za upande wa pili ili kichwa kilingane.

"Mama asijue," Kasuku alisema, akipapasa kichwa.

"Hatajua," bibi alimjibu, akamfunga kitambaa.

Sajenti alipiga simu ya video kila Jumapili alasiri. Kwa ajili yake waliacha pembe moja ya sebule iliyo safi: kiti kirefu, kitambaa cha meza kilichopigwa pasi, picha ya harusi. Walijibana hapo watatu, wamechana na kuoga, na nyuma ya simu kulikuwa na vurugu ambayo hata panya wangeikimbia.

Jumapili moja, katikati ya maongezi, mteja alifika kuchukua kiti chake na kuanza kukiburuta mwenyewe.

"Hiyo sauti ni ya nini?" Sajenti aliuliza.

Fundi alimtupia jicho yule mteja. Alimgeukia mama mkwe wake, akamkuta amekauka, jicho moja nusu limefumba, mdomo wazi, kidole kimenyanyuka hewani. Fundi alidhani amepatwa na kiharusi. Alikuwa karibu kupiga yowe alipopigwa teke la nguvu chini ya meza. Hapo akaelewa, naye akakauka. Kasuku alishakauka zamani.

"Haloo? Mama? Mmeganda," Sajenti alisema. "Mtandao wenu huo."

Kidole cha Bi Laini kilishuka polepole sana kikakata simu.

Kuanzia siku hiyo familia ile iliganda kila palipohitajika. Sajenti akiomba kuonyeshwa jikoni, wanaganda. Akiuliza mbona mtoto havui kitambaa, wanaganda. Siku za katikati ya wiki Bi Laini aliwafanyisha mazoezi.

"Usitabasamu, Fundi. Chagua sura mbaya. Watu wakiganda hawapendezi."

"Lakini Mama, huu si uongo?"

"Uongo ni kusema. Sisi tumenyamaza."

Fundi alikubali kwa shingo upande. Aliwahi kuganda na chafya puani, akaimeza mpaka machozi yakamtoka. Kasuku aliwahi kuganda na maziwa mdomoni, yakamchuruzika kidevuni mbele ya mama yake, naye hakutikisika. Bi Laini alimsifu kwa hilo siku nzima.

Ikaja Jumapili ambayo Sajenti alionekana amekonda. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunika blanketi mpaka kiunoni, na karibu yake palikuwa na kikombe.

"Mwanangu, hebu simama nikuone," Bi Laini alisema. "Unakula kweli huko?"

Sajenti akaganda.

Alikaa vile, macho yakitazama pembeni, midomo imeachana. Fundi alinyoosha mkono aikate simu ili wapige tena, lakini Bi Laini alimkamata kiganja. Alikuwa ameinama akitazama kioo kwa karibu. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye kile kikombe, taratibu, unajikunja, unapotea.

Bi Laini akaganda naye.

Wakakaa hivyo, mama huku na binti kule, hakuna anayepepesa jicho. Fundi aliwatazama kwa zamu, hajui ajiunge upande gani. Kasuku alibana pumzi. Jasho lilimtoka Sajenti kwenye paji la uso, na hakulifuta. Mwishowe mlango ulifunguka nyuma yake, akaingia mwanajeshi mwenzake, kijana mwenye sauti kubwa.

"Sajenti, magongo yako haya. Daktari amesema yale mengine mafupi."

Sajenti alifumba macho.

"Laini ni safi kabisa, mwanangu," Bi Laini alisema. Sauti yake ya asali ilikuwa imetoweka. "Sema."

Akasema. Lori lao lilikuwa limepinduka kwenye barabara mbovu, wiki mbili zilizopita. Wengine walitoka na michubuko, yeye mguu ulivunjika mahali pawili. Alikuwa amewasihi wakubwa wake wamwachie yeye mwenyewe kuijulisha familia, na kila Jumapili aliahirisha.

Fundi alisimama, akaketi tena. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungefanya nini ukiwa huko? Ungekosa usingizi tu."

"Kukosa usingizi ni haki yangu," Fundi alisema, na ilikuwa mara ya kwanza Bi Laini kumsikia akimbishia mkewe. "Mimi ni mume wako."

 Kisha Sajenti akafuta jasho, akaegemea mto.

"Sawa. Nimekosa. Na ninyi mmeanza kuganda lini?"

Watu watatu waliangalia chini kwa pamoja.

"Feni inazunguka nyuma yenu," Sajenti aliendelea. "Mnaganda, nguo zenu zinapepea. Miezi mitatu sasa. Huku Jumapili kambi nzima inajazana chumbani kwangu, wanawekeana dau la soda nani atatikisika kwanza. Aliyemtaja Mama hajawahi kushinda."

Vichwa viwili vitatu vilichungulia kwenye kioo, vikamsalimia Bi Laini kwa heshima kubwa. Alivipungia mkono kama mgeni rasmi.

"Haya, nionyeshe nyumba yangu," Sajenti akaamuru.

Fundi aliichukua simu, akaizungusha. Alionyesha sponji, springi, gundi, mteja mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye kiti kisicho na mgongo. Alimwonyesha Bi Laini akiwa na sindano ndefu kifuani mwa gauni, na Kasuku akivua kitambaa mwenyewe bila kuambiwa.

"Hilo kochi la kijani," Sajenti alisema hatimaye, "upande wa kushoto limepinda."

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu, na hapo kicheko kikageuka kuwa kilio. Walimwacha alie. Hakuna aliyekata simu.

Usiku wa siku hiyo haukumpa Bi Laini raha. Alikuwa amejisifu sana kwa mchezo wake, na sasa aliona kwamba mwanawe alikuwa amevunjika mfupa nchi ya mbali na kujikaza peke yake, akiwatazama wao wakijifanya sanamu. Wala hakuweza tena kusema kwamba binti hakurithi kitu.

Sajenti alirudishwa nyumbani kabla ya mwaka kuisha, plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti. Fundi alikuwa amemtengenezea kiti kirefu chenye mahali pa kunyooshea mguu, na kiliweza kukaa mahali pamoja tu, katikati ya karakana ya sebuleni. Akiwa hapo alikagua kila pindo, akawatisha wateja waliochelewa kuchukua mali zao, na kumpigia simu mwezekaji wa mabati kwa sauti ambayo mtu huyo alikuwa hajaisikia maishani mwake. Mabati yalipigwa wiki ileile. Makochi yakatoka sebuleni, na Bi Laini akatoka nayo, kikapu cha vifungo mkononi, bila kuomba ruhusa.

Asubuhi moja plasta ikiwa imeshatolewa, Sajenti alijikongoja mpaka karakana, akaketi benchi moja na mama yake.

"Niambie ukweli, Mama. Mgongo unauma?"

Bi Laini alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Jioni unauma. Asubuhi siusikii. Mguu je?"

"Unauma muda wote."

Bi Laini alimpapasa goti. Kisha akamsogezea kikapu, akampa sindano. Sajenti alishona kifungo chake cha kwanza akiwa amekunja uso kama anatega bomu. Fundi alikuja, akakivuta kidogo, kikabaki mkononi mwake.

"Rudia," akamwambia mkewe.

Akarudia.