Matofali ya Bandia Juu ya Matofali ya Babu

Nyumba ya babu yetu pale Ibra, mji wa Waarabu alikohamia kutoka Unguja, ni ya matofali ya udongo na majani makavu, kuta zake nene hata sisi watoto tukikaa madirishani na miguu tukainyoosha. Dari ni za boriti zilizotoka Unguja, na matao ya uani babu aliyataka yawe kama ya nyumba yake ya Malindi, kule kule Unguja.

Mtoto wa ami yangu hakuipenda nyumba ile mpaka alipokwenda Dubai akalala katika hoteli mpya iliyojiita ya kale. Akarudi na akili hiyo. Akaomba funguo aigeuze nyumba hoteli, wakubwa wakampa.

Nilipokwenda kumtazama nikakuta mafundi wanapaka saruji juu ya udongo, na juu ya saruji wanabandika vigae vyekundu vilivyochorwa mistari.

"Hivi nini?" nikamuuliza.

"Matofali. Wageni wakisikia nyumba ya matofali, wanataka kuyaona."

"Na haya ya babu?"

"Haya? Wallahi yanaonyesha umaskini, bwana."

Mtu ana shahada mbili, anaficha tofali kwa picha ya tofali.

Siku ya kufungua, shangazi yetu, aliyehamia hapa na babu tangu msichana, alikuja kutoka Nizwa. Binamu akambusu mkono. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani kakuruhusu kumvika baba yangu nguo za mzaha?"

Binamu akacheka, akadhani anataniwa. Shangazi hakula. Alikunywa kahawa kikombe kimoja, akataka gari.

Udongo ukizibwa kwa saruji haupumui. Jambo hilo kila mtu wa Ibra analijua, isipokuwa yeye. Mvua ya kwanza iliingia juu kwenye paa, ikakosa pa kutokea. Ukuta wa majlis, chumba cha kupokelea wageni, ukavimba kama tumbo, kisha ukaanguka uani na vigae vyake. Alhamdulillahi, uani hapakuwa na mtu.

Nikampigia simu. "Udongo wenu umenitia hasara," akasema.

Mwezi uliofuata nikamkuta mbele ya kifusi na watalii wanane, kanzu imepigwa pasi, anawaeleza kwa sauti nzito kwamba ukuta ule ulibomolewa kwa mizinga, katika vita vya makabila. Wakapiga picha. Mama mmoja akafuta machozi. Binamu akanikonyeza jicho.

Nilitoka bila ya kumuaga, na tangu hapo simu zake sizipokei.