Doa la Njano kwenye Nguzo

Shemeji yangu hupiga picha za majengo, na majengo huyapenda yakiwa matupu. Ukikatiza mbele ya kamera yake atanuna mpaka jioni. Lakini hawezi kupima mwanga bila mtu, kwa hiyo miaka yote dada yangu ndiye aliyeketishwa pale na kilemba chake cha njano, mpaka mwanga ukae sawa. Kisha shemeji anasema, "Haya, toka," dada anakwenda kujificha, picha inapigwa. Zile za majaribio zilifutwa siku hiyo hiyo.

"Mimi ni mke wa nje ya picha," dada alizoea kututania.

Alipofariki mwaka jana tulitafuta picha yake, tukaambulia ile ya harusi tu, na humo amefumba macho. Shemeji alipekua kumbi na ngazi zote alizowahi kupiga. Kila mahali dada alikuwa ametoka punde tu. Nilimkasirikia, sifichi. Na mimi nilikuwa namtaka dada yangu.

Mwezi uliopita akapigiwa simu kutoka jumba la sanaa, lile ambalo mchoraji wa ramani yake aliamua kuzifanyia mzaha nyumba zote za zamani: nguzo zisizobeba kitu, ngazi inayopanda mpaka ukutani ikaishia hapo, viti ambavyo kila mguu una rangi yake. Walikuwa wanachapa upya kitabu cha kuwaongoza wageni, na picha ya ukumbi ina doa kwenye nguzo ya chuma king'aacho kama kioo. Aje aipige tena. Nikaenda naye, nikae kwenye kiti badala ya dada.

Mkuu wa jumba alifungua picha ya zamani kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye doa. Lilikuwa dogo kama punje ya mchele, na la njano.

"Shemeji," nilisema, "hicho ni kilemba."

Aliikuza picha mwenyewe. Dada alikuwa amejibanza nyuma ya mlango kama alivyoambiwa, ila nguzo ilimchongea. Mkono uko mdomoni, macho wazi, anacheka.

"Anacheka nini?" shemeji aliuliza.

Aliomba apewe nakala ya ile yenye doa, wakampa. Kisha akapiga mpya, safi, tupu, kama walivyotaka. Tulipokuwa tunajiandaa kufungasha akaniambia nisimame nyuma ya kamera. Yeye akaenda kule mlangoni, mahali pa dada, akaitazama nguzo.

"Unaona nini, shemeji?"

"Viti havionekani. Wala ngazi. Ukiwa huku, kwenye nguzo anaonekana mwenye kamera tu."