Mgeni Aliyekaa Jikoni kwa Mama

Mama alibatizwa nikiwa na miaka minane, na tangu siku hiyo nilianza kumwogopa kidogo. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mpole kuliko zamani. Lakini alikuwa amepewa kijitabu cha Injili, akawa anakisoma kwa kuhangaika kila alfajiri kabla ya kushika jiwe la kusagia wimbi, na alichokisoma asubuhi alikifanya mchana. Wenzake walisoma, wakaimba, wakaenda shambani. Yeye alisoma, halafu akaanza kutazama huku na huku kama mtu aliyetumwa kutafuta kitu.

Baba alikuwa Kitale, akiendesha ng'ombe wa plau kwenye shamba la Mzungu. Alikuja nyumbani Krismasi tu. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na Mama, nje kidogo ya Kanduyi, mwaka ule alipomleta yule mwanamke.

Tulikuwa tukitoka sokoni. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani na watu walikuwa wakikimbilia makwao. Mwanamke alikuwa ameketi kando ya njia, miguu imefungwa matambara. Kila aliyemfikia alihamia upande wa pili bila kumtazama. Mama hakuhama. Nilimvuta nguo, lakini akasimama palepale akamsalimu.

"Usikaribie, mama," yule mwanamke alisema kwa Kiswahili cha watu wa mlimani. "Ni ukoma."

"Nimeona. Una mahali pa kulala?"

Hakuwa napo. Ndugu zake walikuwa wamechoma kibanda chake.

Mama alinitwika kikapu chake, akamshika yule mwanamke mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeishia katikati. Mvua ilitukuta njiani, nasi tulitembea kwa mwendo wake yeye. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nikiomba. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuomba kwa moyo wote: niliomba afe kabla hatujafika.

Hakufa. Mama alimpa kibanda cha jiko, sisi tukawa tunapika nje, chini ya ghala. Kila asubuhi alimwosha vidonda kwa maji ya moto na chumvi. Alikula naye sahani moja. Mimi nilijikagua ngozi kila siku, mikono, tumbo, nyuma ya magoti, nikitafuta doa.

Kule kwenye chemchemi, wanawake walianza kunyamaza tukifika. Baadaye wakatuambia tuchote maji baada ya wengine wote kumaliza. Asubuhi moja tulikuta tawi la miiba limelazwa katikati ya njia yetu. Mama aliliburuta kando. Kesho yake yalikuwa mawili. Hatukumwona aliyeyaweka, na hilo lilinitisha zaidi, maana sasa kila jirani aliyepita mbali na kutupungia mkono angeweza kuwa ndiye.

Mzee wa kanisa alikuja, akasimama nje ya ua.

"Mama, tunakuombea sana. Lakini Jumapili, si ukae tu huko nje, dirishani? Utasikia vizuri."

"Na mgeni wangu?"

Jumapili iliyofuata tulikaa dirishani watatu. Mama aliimba kwa sauti kubwa. Ndani, waliokuwa karibu na dirisha walisogea.

Mwishowe mtu alimpelekea Baba habari. Alifika adhuhuri na baiskeli, akakataa kuingia.

"Mama watoto, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mtoe."

"Nimpeleke wapi?"

"Huko alikotoka."

"Huko alikotoka walimchomea nyumba."

Baba alinigeukia. "Basi mimi ninamchukua huyu mtoto."

Mama hakulia. Aliingia ndani akatoka na gauni langu, likiwa limeshakunjwa. Kumbe alijua. Nami sikulia pia. Nilikuwa nimepanda baiskeli kabla Baba hajaishika.

Nilikaa Kitale miaka mingi, kwenye laini, yaani vile vibanda vya wafanyakazi, nikipalilia mahindi. Yule mwanamke alikufa mwaka wa pili. Tulisikia kwamba Mama alichimba kaburi peke yake, siku mbili. Nilishukuru. Nilidhani yameisha.

Mwaka wa nne, nikioga mtoni, niliona doa jeupe kwenye paja. Nilichukua mwiba nikajichoma. Damu ilitoka, mimi sikusikia kitu.

Nililificha karibu mwaka mzima. Siku moja niliepua sufuria ya uji jikoni kwa mikono mitupu, nikaibeba hadi mezani bila haraka. Baba aliitazama ile mikono. Kisha akaketi chini, kwenye mavumbi.

Mama alikuja na lori la mahindi. Hakuanza kwa maombi.

"Nilifungua mlango wangu bila kukuuliza wewe," alisema. "Kwa hilo nisamehe."

"Na kama ungejua nitaugua?"

Nilitaka adanganye. Nilimwona akifikiri, akitafuta kweli yenyewe.

"Ningekuleta kwanza huku kwa baba yako. Halafu ningemfungulia."

Sikumsamehe. Nilipelekwa hospitali ya wakoma, mbali, karibu na mpaka. Vidonge vipya vilikuwa vimeanza kutolewa, nami nilipona, ingawa vidole viwili vya kushoto havikunyooka tena. Daktari alisema hakuna ajuaye niliupata kwa nani. Wengi mle ndani hawakuwahi kuishi na mgonjwa. Mama alikuja kila mwezi. Aliketi kitandani kwangu akala sahani yangu, kisha akazunguka kuwaosha wale wasiokuwa na mtu. Nilimgeuzia mgongo.

Kabla sijaruhusiwa kutoka, aliletwa msichana mmoja, mdogo kuliko mimi, uso umevimba, akilia bila kunyamaza. Vitanda vilikuwa vimejaa, na hakuna aliyetaka kulala karibu naye. Wagonjwa kwa wagonjwa, tulimkimbia. Aliachwa mlangoni tangu asubuhi. Alasiri niliinuka nikatandika mkeka kando ya kitanda changu, nikamwonyesha mahali. Sikusikia huruma yoyote moyoni. Niliogopa tu, kwa maana nilijua tangu sasa sitaweza kumpita mtu njiani.

Aliingia, akalala.